Swali la Mpemba: Uhakiki wa Utafiti wa Karibuni juu ya Maji ya Moto na Barafu, na Funzo Lake kwa Vyuo Vyetu

1. Utangulizi

Kila mwaka vyuo vikuu hutangaza mafanikio ya wahadhiri na wanafunzi wao: tasnifu zilizokubaliwa, makala zilizochapishwa, tuzo zilizopokelewa. Matangazo hayo huandikwa kwa furaha, nayo furaha hiyo si kosa. Hata hivyo, tangazo halina kawaida ya kutuambia jambo lililo muhimu kuliko yote, yaani, kama lililogunduliwa ni kweli, na limepimwa kwa njia gani. Hiyo ni kazi ya uhakiki. Makala hii inakusudia kuhakiki mfululizo mmoja wa utafiti ambao ulianzia kwa mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania na ambao, baada ya miaka zaidi ya hamsini, ungali unawashughulisha wahadhiri na wanafunzi wa vyuo vikuu vya Ulaya na Amerika. Nazungumzia jambo linaloitwa athari ya Mpemba, yaani dai kwamba maji ya moto huweza kuganda kabla ya maji baridi.

Yafaa nieleze kwa nini mwalimu wa theolojia anaingilia mambo ya fizikia. Miaka michache iliyopita nilialikwa kuhubiri katika mahafali ya shule moja ya sekondari. Nilisimulia habari ya Mpemba kwa ufasaha mwingi: kijana maskini alichekwa na walimu wake, akaja mtaalamu kutoka chuo kikuu, akapima, akakuta kijana ana haki na wenye elimu wamekosea. Wazazi walifurahi, nami nilifurahi kwa kuwa wamefurahi. Baada ya ibada alinijia msichana wa kidato cha sita, akanisalimu kwa adabu, akasema, “Mchungaji, naomba kuuliza. Tumesoma kwamba kuna watafiti waliopima upya wakasema jambo lile halipo. Je, ni kweli?” Sikuwa na jibu. Nilimwambia kwamba wataalamu hawaachi kubishana, nikaelekea mezani kwa chakula. Njiani nyumbani nilitambua kwamba nimefanya kama yule mwalimu aliyemcheka Mpemba. Tofauti ni kwamba mimi sikucheka, nilikwepa tu. Makala hii ni jibu nililopaswa kumpa msichana yule.

2. Habari yenyewe

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa mwanafunzi wa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu: walichemsha maziwa, wakatia sukari, wakangoja yapoe, kisha wakayaweka katika jokofu. Nafasi katika jokofu ilikuwa haba, nao waligombania. Siku moja mwenzake aliweka maziwa yake bila kuyachemsha ili awahi nafasi. Mpemba naye, kwa kuogopa kuikosa, aliweka maziwa yake yangali ya moto. Baada ya muda wa saa moja na nusu alikuta yake yameganda, na ya mwenzake yangali uji mzito.

Alipomwuliza mwalimu wake wa fizikia, aliambiwa kwamba alichanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Aliliamini jibu hilo kwa wakati ule. Lakini baadaye alikutana na rafiki yake aliyetengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga, naye akamwambia kwamba hutumia mchanganyiko wa moto ili igande upesi. Hapa pana jambo lisilotajwa sana wakati habari hii inaposimuliwa. Mafundi wa Tanga walilijua jambo, au walidhani wanalijua, kabla ya chuo kikuu chochote kulipima. Mpemba hakuwa mtu wa kwanza kuliona. Alikuwa mtu aliyekataa kuacha kuliuliza.

Alipoendelea na masomo katika Shule ya Mkwawa, Iringa, alimwuliza mwalimu mwingine. Huyu alimjibu kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba, siyo fizikia ya ulimwengu wote. Neno hilo likawa mzaha wa darasa. Kila alipokosea kusoma majedwali ya logarithimu, mwalimu alisema kwamba hiyo ni hesabu ya Mpemba, na wenzake wakaitikia.

Kisha Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia wa Chuo Kikuu kilichokuwa Dar es Salaam wakati ule, alialikwa kuzungumza shuleni hapo. Mpemba alimwuliza: ukichukua vyombo viwili vyenye maji sawasawa, kimoja nyuzi 35 na kingine nyuzi 100, ukaviweka katika jokofu, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, kwa nini? Wenzake walicheka na kumwonea aibu. Osborne hakucheka. Alikiri baadaye kwamba alidhani kijana amekosea, lakini alikumbuka kwamba ni wajibu wa mwalimu kuwatia moyo wanafunzi wawe watu wa kuuliza na kupima. Akaahidi kulijaribu, naye alitimiza ahadi.

Huko Dar es Salaam alimwagiza fundi wa maabara afanye jaribio. Fundi alileta taarifa kwamba maji ya moto yaliganda kwanza kweli, akaongeza kwamba wataendelea kulirudia jaribio mpaka wapate jibu lililo sahihi. Tutairudia kauli hiyo ya fundi hapo mbele, kwa maana ina uzito kwetu kuliko inavyoonekana.

3. Makala ya mwaka 1969

Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao katika jarida la Uingereza la walimu wa fizikia, *Physics Education*. Mpemba wakati huo alikuwa akisoma elimu ya wanyamapori katika chuo cha Mweka, karibu na Moshi. Makala hiyo ina sifa mbili ambazo hazina budi kutajwa.

Sifa ya kwanza ni umbo lake. Ina sauti mbili. Mpemba anasimulia mwenyewe, kwa nafsi ya kwanza, yale aliyoyaona na yale aliyoambiwa. Kisha Osborne anaeleza vipimo. Mhadhiri hakuichukua habari ya kijana akaifanya dibaji ya kazi yake mwenyewe. Jina la Mpemba linatangulia la Osborne. Wale waliopitia vyuo vya elimu ya juu wanajua kwamba si kila mwanafunzi hutendewa hivyo. Ziko tasnifu za wanafunzi ambazo zimemezwa katika makala za walimu wao, na jina la aliyekusanya habari vijijini, kwa miguu na kwa gharama yake, likabaki katika mstari mmoja wa shukrani, au lisitajwe kabisa.

Sifa ya pili ni kwamba walijaribu kuziondoa sababu zilizo rahisi. Walitumia bikari zenye sentimita za ujazo 70 za maji, wakaziweka juu ya povu la plastiki ili ubaridi usipite chini. Walitumia maji yaliyokwisha kuchemshwa, ili mtu asidai kwamba tofauti inatokana na hewa iliyomo. Walipima maji yaliyopotea kwa kuvukizwa, wakaona hayatoshi kueleza tofauti. Waliweka utando wa mafuta juu ya maji, wakaona kupoa kunachelewa sana, jambo lililoonyesha kwamba joto nyingi hutokea juu. Matokeo yao ni kwamba muda wa kuanza kuganda ulikuwa mrefu kuliko wote kwa maji yaliyoanza na nyuzi 25, na mfupi zaidi kwa maji yaliyoanza karibu na nyuzi 90.

Lakini makala ina upungufu pia, na kuuficha si kumheshimu Mpemba. Jokofu lilikuwa la kawaida, la nyumbani. Vipimo vilikuwa vichache. Zaidi ya hayo, neno “kuganda” lina maana zaidi ya moja: kuna kufika nyuzi 0, kuna kuonekana kwa barafu ya kwanza, na kuna kuwa barafu tupu mpaka ndani. Vyombo viwili vinaweza kupata nafasi tofauti katika mashindano hayo matatu. Osborne mwenyewe alikiri kwamba majaribio hayakuwa ya hali ya juu na kwamba vinahitajika vipimo bora zaidi. Kwa hiyo waandishi walileta swali lililopimwa kwa uaminifu. Hawakuleta hukumu ya mwisho. Sisi wahubiri na waandishi wa magazeti ndio tuliolifanya hukumu.

Aidha, yafaa ieleweke kwamba jambo hili lilikwisha kutajwa zamani. Aristotle alilitaja, na katika karne ya 17 Francis Bacon na Descartes walilitaja vilevile. Tena katika mwaka huohuo wa 1969 mtaalamu wa Kanada, G. S. Kell, alichapisha makala juu yake bila kutegemea kazi ya Dar es Salaam. Jina la Mpemba lilishika kwa sababu nyingine: habari yake ilikuwa na mtu ndani yake.

4. Waliolipima upya

Tangu hapo maelezo mengi yametolewa. Wengine walisema ni mvuke, wengine mikondo ya maji ndani ya chombo, wengine chumvi na gesi zilizoyeyuka. Mwaka 1995 David Auerbach alionyesha umuhimu wa jambo jingine, kwamba maji huweza kupoa chini ya nyuzi 0 bila kuganda, na kiasi cha kushuka huko hubadilika kutoka jaribio hadi jaribio. Mwaka 2012 chama cha wanakemia cha Uingereza kilitangaza shindano la kulieleza jambo hili, na majibu yapata 22,000 yakapokelewa. Mshindi alikuwa mtafiti wa kemia wa Chuo Kikuu cha Zagreb, Nikola Bregović. Ni jambo la kutafakari: watu elfu ishirini na mbili walieleza sababu ya jambo ambalo lilikuwa halijathibitika kwamba hutokea kila wakati.

Pigo kubwa lilikuja mwaka 2016. Henry Burridge na Paul Linden, wahadhiri wa London na Cambridge, walichapisha makala ambayo ndiyo aliyoisema yule msichana. Walipima kwa uangalifu muda wa maji kufika nyuzi 0, wakakusanya pia vipimo vya watafiti waliotangulia. Waligundua kwamba kipimajoto kikisogezwa juu au chini kwa sentimita 1 tu ndani ya chombo, tofauti hiyo inatosha kuleta sura ya athari ya Mpemba mahali ambapo haipo. Walihitimisha, wakionyesha masikitiko kidogo, kwamba hawakupata ushahidi wa maana wa kuwako kwake.

Kazi hii ni ya kusifiwa. Imeandikwa bila kejeli, nayo inatufundisha kuuliza swali ambalo hatukuzoea kuliuliza: mpimaji alisimama wapi alipopima? Walakini nayo ina mpaka wake. Burridge na Linden walipima kufika nyuzi 0, hawakupima kuganda. Mpemba hakuwa na kipimajoto ndani ya maziwa yake. Aliona kigumu na uji. Ikiwa sababu ya tofauti ipo katika kuanza kwa barafu, kama Auerbach alivyodokeza, basi kipimo kinachosimama kwenye nyuzi 0 kinafunga kitabu kabla ya ukurasa wa mwisho. Kwa maoni yangu watafiti hawa wameonyesha kwa nguvu kwamba madai mengi ya awali hayakupimwa vema; hawakuonyesha kwamba wavulana wa Magamba hawakuona walichokiona.

5. Swali lililohama

Baada ya mwaka 2016 mtu angedhani habari imekwisha. Haikuwa hivyo. Mwaka 2017 Zhiyue Lu na Oren Raz walionyesha kwa hesabu kwamba, katika mifumo fulani, kitu chenye joto zaidi kinaweza kufikia utulivu wa baridi kabla ya kitu chenye joto kidogo, kwa kuwa kinapita njia nyingine. Mfano wa kibinadamu utasaidia. Watu wawili wanashuka mlima kwenda bondeni. Aliye chini zaidi anaweza kuchelewa kwa sababu ameingia katika kibonde cha kando, akalazimika kupanda tena. Aliye juu alikuwa bado hajaingia huko, akaiona njia kuu.

Mwaka 2020 Avinash Kumar, mwanafunzi wa shahada ya uzamivu, pamoja na mwalimu wake John Bechhoefer, wa Chuo Kikuu cha Simon Fraser huko Kanada, waliliona jambo hilo kwa macho. Walitumia punje ndogo mno ya kioo ndani ya maji, wakaitawala kwa nguvu walizozipanga wenyewe, wakarudia jaribio mara nyingi sana mpaka bahati isiwe na nafasi. Matokeo yalichapishwa katika jarida la *Nature*. Mwaka 2024 kundi la watafiti wa Innsbruck, Austria, lilitangaza kwamba limeona jambo la jamii hiyohiyo katika ulimwengu wa chembe ndogo kabisa, wakitumia ioni zilizonaswa. Makala hizo zote zinalitaja jina la Mpemba.

Je, basi Mpemba amethibitishwa? Hapa mhakiki hana budi kusema la. Punje ya Kumar na Bechhoefer haigandi. “Joto” lake ni namna punje ilivyotawanyika mahali pake katika marudio mengi, na bonde inamoshuka limechongwa na watafiti ili jambo liweze kutokea. Hiyo si aiskrimu. Anayesema kwamba makala ya 2020 imeifuta makala ya 2016 hajaisoma hata moja. Zinazungumza juu ya vitu viwili vilivyopewa jina moja.

Hata hivyo kuna jambo kubwa limetokea. Swali la mwanafunzi lilikataa kufa. Lilipofungiwa mlango wa maji, lilitoka kwa mlango mwingine, likawafundisha wataalamu kwamba kupoa si lazima kupite katika kila kituo kilicho kati ya mwanzo na mwisho. Hoja ya kulikataa jambo hili ilionekana haina kasoro: maji ya moto lazima kwanza yawe vuguvugu, kisha yawe baridi, kwa hiyo hayawezi kuyapita yaliyo baridi tayari. Utafiti wa 2017 na 2020 umeonyesha kwamba hoja hiyo haitoshi.

6. Yanayotuhusu sisi

Kwanza, tutazame kicheko. Katika vyuo vyetu vya theolojia kicheko huvaa kanzu ya heshima. Mwanafunzi akiuliza swali lisilo katika mhadhara, huambiwa kwamba litajibiwa mwaka wa tatu, au kwamba linaonyesha upungufu wa imani. Mwenye Mithali alikwisha kuonya juu ya mtu anayejibu kabla ya kusikia. Tumewapeleka katika sharika wachungaji waliokariri majibu mengi, nasi twashangaa wanapokutana na mkristo mwenye swali wakamwona kuwa adui.

Pili, tutazame kauli ya fundi wa maabara. Tusimcheke, kwa maana ni ndugu yetu. Ni mara ngapi tumeliendea fungu la Maandiko tukiwa na jibu mkononi, na fungu lilipokataa kulitoa, tukageuza tafsiri, tukatafuta kitabu kingine cha ufafanuzi, tukarudia mpaka tukapata jibu lililo sahihi, yaani letu? Utafiti ambao matokeo yake yamejulikana kabla haujaanza ni mahubiri yaliyovaa joho la kitaaluma.

Tatu, tutazame kiburi chetu. Mimi nilimhubiri Mpemba kwa sababu alikuwa wetu na kwa sababu habari yake ilinifaa. Katika Yohana sura ya 9 yule aliyekuwa kipofu alisema jambo alilolijua, akakataa kusema asilolijua. Waliomhoji ndio waliokuwa na maelezo kamili. Mpemba alifanya vivyo hivyo: alitoa ushuhuda na kuomba maelezo. Sisi tuliomsifu tuliongeza ushindi ambao hakuudai. Amri ya nane, katika hesabu ya Katekisimo yetu, haimlindi jirani dhidi ya masingizio tu. Inamlinda pia ukweli dhidi ya sifa tunazomtilia jirani kwa faida yetu. Ikiwa kesho vipimo bora vitaonyesha kwamba maji ya moto hayatangulii kamwe, heshima ya Mpemba haitapungua hata chembe, kwa kuwa haikujengwa juu ya kuwa na haki. Ilijengwa juu ya kuuliza kwa unyofu. Nasi tukiisimamisha juu ya msingi mwingine, tutakuwa tumeiweka mahali inapoweza kuanguka.

7. Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha mambo matatu: kwamba makala ya 1969 ilikuwa kazi ya uaminifu yenye mipaka iliyokiriwa, kwamba uhakiki wa 2016 ni wa lazima ingawa haukugusa kila kitu, na kwamba utafiti wa 2017 hadi 2024 umelikuza swali bila kuamua habari ya maji. Kwa maji yenyewe, jibu la haki leo ni kwamba jambo hilo halijathibitishwa kuwa la kudumu, na kwamba anayelitangaza kuwa hakika, na anayelitangaza kuwa uongo, wote wawili wametangulia mbele ya ushahidi.

Pendekezo langu ni dogo. Kila mwalimu wa chuo chetu atenge daftari moja la maswali aliyoyashindwa darasani, aandike jina la mwanafunzi aliyeuliza na tarehe, na kabla muhula haujaisha alirudie kila moja mbele ya darasa, hata ikiwa ni kusema kwamba bado hajui. Mimi nimeanza langu. Swali la kwanza lililoandikwa humo ni la msichana wa kidato cha sita, ambaye sikumwuliza jina.